Likizo ya wanafunzi wa vifaa tiba ni mtaji kwa Kanda ya Ziwa

MSIMU wa kuuza pamba unapopamba moto katika vijiji vya Kwimba, Magu na Misungwi, vyuo vikuu vingi nchini huwa vinaelekea kufunga kwa likizo ndefu. Ni miezi ya kiangazi. Vijana wanarudi nyumbani, wengine wanasaidia shambani au dukani, na wale wanaosomea uhandisi wanahangaika kutafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Anayeombwa nauli ni mzazi, na mara nyingi nauli hiyo inatoka kwenye pamba, mpunga, dagaa au duka la rejareja.

Katika kundi hilo wamo wanafunzi wa fani ambayo wazazi wengi hawajaizoea, yaani uhandisi wa vifaa tiba. Hawa si madaktari, wala si mafundi umeme wa kawaida. Wanasomea mashine za hospitali: zinavyofanya kazi, zinavyopimwa usahihi wake, zinavyotengenezwa zikiharibika, na namna ya kubuni nyingine zinazofaa mazingira yetu. Hapa nchini Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kinatoa shahada ya fani hiyo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) zinaifundisha katika ngazi ya stashahada.

Swali la kujiuliza ni je, likizo ya vijana hawa itumike vipi ili mkulima na mfanyabiashara anayewalipia aone faida yake? Hoja ya makala haya ni kwamba jibu liko karibu kuliko tunavyodhani. Liko kwenye stoo za hospitali, ambako mashine zilizokufa hurundikwa zikisubiri fundi asiyekuja. Mwanafunzi akipewa wiki nane za kuzihesabu, kuzichunguza na kuandika sababu ya kila moja kufa, atakuwa amefanya utafiti wa kweli. Tena orodha yake itakuwa na thamani mara mbili: hospitalini na sokoni.

Utaratibu ulikotoka

Mafunzo ya utafiti wakati wa likizo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza yamekomaa zaidi Marekani. Tangu mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo (NSF) umekuwa ukigharamia mpango maalumu wa aina hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama REU. Kundi dogo la wanafunzi hukaa chuoni kwa wiki kama 10. Kila mmoja anawekwa chini ya mtafiti mzoefu, anapewa swali moja la kulifanyia kazi, analipwa posho, na mwisho anasimama mbele ya wenzake kueleza alichokipata. Lengo ni kumtoa mwanafunzi kwenye kukariri majibu ya kitabuni na kumzoeza kutafuta jibu ambalo halijaandikwa popote.

Mzazi wa Mwanza anayesikia habari za nafasi hizo ajue jambo moja mapema. Nafasi zinazolipiwa na fedha za REU ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Akitokea mtu anayedai ada ili amtafutie kijana wako nafasi ya namna hiyo, mwombe kwanza barua ya chuo husika na masharti yake.

Wapo pia wanafunzi wa kigeni waliofuata mafunzo hayo huku kwetu. Taasisi ya Engineering World Health, iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa ikileta wanafunzi wa vyuo vikuu Tanzania katika miezi ya Juni hadi Agosti. Mwezi wa kwanza walijifunza Kiswahili na ufundi mkoani Arusha, na mwezi wa pili walipelekwa katika hospitali za kaskazini kutengeneza mashine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo mgeni huyu huondoka Agosti inapokwisha, na anaondoka na ujuzi alioupata kwenye mashine zetu. Mwanafunzi wa hapa akifunzwa kwa njia hiyo hiyo, akihitimu anaweza kuajiriwa Geita, Sengerema au Bariadi.

Takwimu zinasemaje

Kazi za mtandao wa taasisi hiyo zilizaa takwimu ambazo kila halmashauri ingefaa kuzijua. Mwaka 2010 Profesa Robert Malkin, mmoja wa waanzilishi wake, pamoja na mwenzake walichapisha uchambuzi wa maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11 zenye uhaba wa rasilimali. Kati ya mashine zilizokuwa zimekufa kabisa, asilimia 72 zilirudishwa kazini bila kuagiza kipuri chochote kutoka nje.

Mwaka uliofuata Malkin na mtafiti mwingine walikusanya ripoti za mali za hospitali katika nchi zinazoendelea, zikihusu vifaa zaidi ya 112,000. Kwa wastani asilimia 38.3 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilizotajwa ni tatu: ukosefu wa mafunzo, usimamizi dhaifu wa vifaa, na miundombinu mibovu kama vile umeme usiotulia.

Weka takwimu hizo pamoja utaona picha ilivyo. Zaidi ya theluthi ya mtaji wa hospitali umelala, na sehemu kubwa ya mtaji huo ingeweza kuamshwa na kijana mwenye bisibisi, kipima umeme na elimu ya msingi. Mfanyabiashara ambaye theluthi ya bidhaa zake zimelala stoo hukaa akatafuta sababu kabla ya kuagiza mzigo mwingine.

Hasara yenyewe inahesabika kwa maisha ya watu. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 unaonyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini vifo vya watoto wachanga walio chini ya mwezi mmoja vilishuka kidogo mno, kutoka 25 hadi 24.

Mtoto wa miaka miwili anaokolewa na chandarua, chanjo na dawa, vitu ambavyo vinaweza kufika kijijini kwa pikipiki. Mtoto njiti anahitaji zaidi ya hapo. Anahitaji joto, oksijeni na msaada wa kupumua, na vyote hivyo vinategemea mashine inayofanya kazi usiku na mchana. Mama wa Ukerewe aliyejifungua kabla ya wakati, mashine ya karibu ikiwa imekufa, hana budi kuvuka ziwa kuifuata hospitali ya rufaa Mwanza.

Pampu ya samaki iliyosaidia watoto kupumua

Kuna mfano mmoja unaoonyesha wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaweza kufika wapi. Chuo Kikuu cha Rice kilichopo Houston, Marekani, kina mpango ulioanza katikati ya miaka ya 2000 wa kuwafundisha wanafunzi kubuni vifaa vya hospitali zenye uwezo mdogo, na kuwapeleka Afrika wakati wa likizo kuvijaribu. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, walikuwa na shida ya wazi: watoto wachanga waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua. Mashine za kuwasaidia zilikuwepo duniani, lakini bei yake ilikuwa haishikiki.

Mwaka 2010 kundi la wanafunzi lilipewa tatizo hilo. Walichofanya mfugaji wa samaki atakielewa haraka. Walichukua pampu ndogo za hewa, zile zinazotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo, wakazifunga ndani ya sanduku la plastiki la kuwekea viatu. Hewa ikichanganywa na oksijeni inaingia puani kwa mtoto kupitia mrija. Mrija wa kutolea pumzi unazamishwa kwenye chupa ya maji. Kadiri unavyozama zaidi ndivyo shinikizo la hewa linavyoongezeka, na shinikizo hilo huyazuia mapafu machanga yasijifunge. Muuguzi akiona mapovu anajua hewa inapita.

Baada ya maboresho mengi mashine hiyo ilipewa jina la Pumani. Utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kati ya watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliowekwa kwenye mashine hiyo, asilimia 71 walipona. Waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani waliopona walikuwa asilimia 44. Ulikuwa utafiti wa watoto 87 tu, kwa hiyo usichukuliwe kama neno la mwisho, lakini tofauti yake si ya kupuuza.

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza, swali lilitoka wodini. Wanafunzi hawakubuni kifaa kwanza kisha wakaanza kutafuta mgonjwa wa kukitumia. La pili, likizo moja haikutosha. Kutoka sanduku la viatu hadi matokeo kuchapishwa ilipita miaka minne, na nyuma ya wanafunzi walikuwepo walimu, madaktari, wauguzi, kampuni na wafadhili. Anayemwambia mzazi kuwa kijana wake atavumbua mashine katika wiki nane anamdanganya.

Hatua za Afrika Mashariki

Nchi zetu hazijakaa bure. Desemba 2017 Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, kiliwapokea wanafunzi kwa mafunzo mafupi ya kubuni vifaa tiba chini ya mradi uliopewa jina la Kiswahili, UBORA. Mradi huo ulifadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuratibiwa na Chuo Kikuu cha Pisa, Italia. Makerere ya Uganda ilikuwa miongoni mwa washirika. Wazo lake lilikuwa michoro ya vifaa iwekwe wazi ili chuo au karakana yoyote iweze kuisoma na kuiboresha.

Hapa Tanzania, DIT imekuwa mshirika wa Rice katika kufundisha ubunifu wa vifaa. Aidha, mpango wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 na nchi nne za Kenya, Malawi, Nigeria na Tanzania, unashughulikia hasa vifaa vya wodi za watoto wachanga pamoja na watu wa kuvitunza. Mwaka huo huo serikali ilianzisha mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, ambako kijana mwenye kazi yake anaweza kuonekana.

Tatizo ni kwamba vyuo tulivyovitaja viko Dar es Salaam na Arusha. Mwanafunzi anayetoka Kwimba akitafuta nafasi ya mafunzo karibu na chuo chake anajifunza mazingira ya huko. Vumbi la Usukumani, unyevu wa ziwa na umeme wa kijijini unaopanda na kushuka havimo katika daftari lake.

Injini ya mtumbwi na mashine ya hospitali

Chukua mfano wa injini ya mtumbwi. Injini ya Yamaha ya mvuvi ikifa leo, haikai muda mrefu kabla ya kurudi ziwani. Fundi yupo mwaloni, plagi zipo, mikanda na bushi zipo, na kama hazipo mtu anajua dukani kwa nani pa kuulizia. Injini hiyo haitengenezwi Tanzania. Inaendelea kuishi kwa sababu soko la vipuri limekua kuizunguka.

Mashine ya kuzalisha oksijeni haina tofauti kubwa na injini hiyo. Ndani yake kuna kompresa inayovuta hewa, machujio ya kuzuia vumbi, na vyombo vyenye chembechembe zinazonasa naitrojeni ili oksijeni ipite. Chujio la nje linatakiwa kuoshwa mara kwa mara. Likiziba, kompresa inachemka na kufa mapema. Unyevu ukiingia kwenye zile chembechembe, mashine inaendelea kunguruma lakini oksijeni inayotoka ni hafifu. Fyuzi ikikatika kwa sababu ya umeme mkubwa, mashine ya mamilioni inazimwa na kitu cha bei ya soda.

Kwa nini basi mfanyabiashara wa Mwanza haagizi machujio hayo kama anavyoagiza vipuri vya pikipiki? Jibu ni la kibiashara: hajui soko lina ukubwa gani. Hajui Kanda ya Ziwa ina mashine ngapi, za aina gani, na kila moja inakula machujio mangapi kwa mwaka. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayefunga mtaji wake kwenye mzigo asioujua mnunuzi wake.

Hapo ndipo utafiti wa mwanafunzi unapogeuka kuwa mali. Orodha inayoonyesha aina ya mashine, mwaka ilipofika, tarehe iliyokufa, sababu ya kufa na kipuri kinachohitajika ni utafiti wa soko uliokamilika. Hospitali inaitumia kupanga bajeti. Mfanyabiashara anaitumia kuagiza. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata anaitumia kuchagua tatizo la kubunia, kwa sababu kifaa kinachokufa kwa sababu ile ile katika hospitali kumi kinaomba kubuniwa upya.

Hata hivyo biashara hii ina masharti yake. Vifaa tiba vinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza, na kifaa cha kubuni hakiwekwi kwa mgonjwa bila vibali. Zabuni za serikali zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza mwaka 2023, kwa hiyo asiyejisajili humo hazipati. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu yakiwemo ya vijana na wanawake. Kikundi cha vijana watatu, mmoja fundi wa majokofu, mmoja mhitimu wa vifaa tiba na mmoja mwenye uzoefu wa duka, kinaweza kuanzia hapo.

Hesabu ya mzazi

Tuzungumze fedha. Miongozo ya Bodi ya Mikopo (HESLB) ya miaka ya karibuni imekuwa ikitaja posho ya mafunzo kwa vitendo ya Sh10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56. Hizo ni Sh560,000 kwa wiki nane, na ni mkopo, hivyo zitarudishwa. Mwanafunzi asiye na mkopo anazitegemea nyumbani. Tuchukulie bei ya pamba ni Sh1,000 kwa kilo: hizo ni kilo 560. Kwa mkulima anayevuna kilo 300 kwa ekari, ni karibu ekari mbili nzima, kabla hajalipa mbegu, dawa na vibarua.

Fedha hizo zinastahili maswali kabla hazijatoka mkononi. Je, kijana atakuwa chini ya nani hospitalini, na mtu huyo ana muda naye? Atapewa swali lipi la kujibu, au atakuwa wa kutumwa chai na kubeba mafaili? Kazi yake itaandikwa wapi, na nani ataisoma akishaondoka? Akikosa majibu ya maswali hayo, wiki nane zitaishia kwenye kitabu cha kumbukumbu kilichogongwa mhuri tu.

Upande wa hospitali nao wana hofu ya haki. Mwanafunzi asiyesimamiwa anaweza kuharibu mashine iliyokuwa nzima. Ndiyo maana kazi ya kwanza inayomfaa ni ile ya stoo, kwenye mashine ambazo tayari zimekufa. Pale hawezi kumdhuru mgonjwa, na kila anayoifufua, ikishapimwa na fundi wa hospitali, ni faida tupu.

Nini kifanyike Nyamagana

Nyamagana ina karibu kila kitu kinachohitajika. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa kwa kanda nzima. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sekou Toure iko hapa hapa mjini, na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kipo pia. SIDO na VETA wana karakana Mwanza, na DIT ina kampasi yake jijini inayojulikana kwa teknolojia ya ngozi. Bohari ya Dawa (MSD) nayo ina kanda yake Mwanza. Kinachotakiwa ni kuziunganisha taasisi hizi kwa mpango mmoja wa kiangazi.

Mpango huo hauhitaji jengo jipya. Mwezi Machi au Aprili kila mwaka hospitali za kanda ziandike matatizo matatu ya mashine yanayozisumbua, zivipelekee vyuo. Vyuo vichague wanafunzi, kipaumbele kikiwa kwa wanaotoka kanda hii, ambao wana pa kulala na wanaijua lugha ya mgonjwa. Wiki ya kwanza wafundishwe usalama na kupima. Wiki sita zinazofuata wahesabu, wachunguze na kutengeneza. Wiki ya mwisho wawasilishe matokeo hadharani, na wafanyabiashara wa vipuri na mafundi waalikwe kusikiliza.

Gharama zinaweza kugawanywa. Halmashauri inaweza kutoa nauli, hospitali chakula cha mchana, na chama cha ushirika au kikundi cha wafanyabiashara kikamdhamini kijana mmoja au wawili.

Wakulima wa kanda hii hawaanzi leo kulipia utaalamu wa kulinda maslahi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wakipimiwa pamba kwa mizani wasiyoiamini. Wakajipanga kuweka wapimaji wao wenyewe, na kutokana na harakati hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, VFCU, mwaka 1955. Walielewa kuwa asiyeweza kukagua mizani hupunjwa, hata mizani hiyo ing'ae namna gani.

Mashine ya hospitali nayo ni mizani ya aina yake. Inapima oksijeni, joto na mapigo ya moyo ya mtoto, na kama hakuna mtu wa kuikagua, mzazi hawezi kujua inasema kweli au inanguruma bure. Tunao vijana wanaosomea kazi hiyo, na wana wiki nane kila kiangazi. Ombi la mzazi kwa mbunge, diwani na kamati ya hospital ya wilaya yake liwe moja tu: kabla ya kununua mashine nyingine, tuonyesheni orodha ya zile zilizokufa na sababu ya kila moja kufa. Kama orodha hiyo haipo, mtu wa kuiandika yupo likizo nyumbani.